Kamera Iliyopiga Magoti

Mimi ni mtu wa kununa. Nalisema mapema, kwa sababu wenzangu wawili niliosoma nao wapo na wanajua kusoma, na sitaki waje waseme nimejipamba.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa bibi maendeleo Shinyanga. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini kuwafundisha kina mama mambo ya lishe, usafi na majiko, kwa kutumia mabango ya kuchora yaliyoletwa kutoka makao makuu. Kwenye bango la jiko la udongo alichorwa mwanamke amevaa viatu vya kisigino, anachochea moto. Miaka yote niliyozunguka na bango lile, sikuwahi kufika hatua ya pili ya ujenzi wa jiko kabla mtu hajauliza habari za vile viatu. Basi niliposikia kuna chuo kimoja cha ng'ambo kinatoa stashahada ya uzamili ya kutengeneza filamu fupi za elimu, na kwamba inasomwa kwa mtandao bila mtu kuacha kazi, niliandika maombi siku ileile.

Kwa mtandao! Neno lenyewe lilikuwa kubwa kuliko kitu chenyewe. Mtandao wetu ulikuwa kompyuta moja katika ofisi ya miradi ya kanisa pale mjini, imeunganishwa na waya wa simu, na ilifunguliwa kwa watu wa nje Alhamisi tu. Karani wake alikuwa mama wa makamo aliyeifunika kwa kitambaa cha kufuma alichokifuma mwenyewe, na kabla ya kuiwasha alikikunja taratibu mara nne, hata kama nyuma yake kuna foleni. Simu ikikubali, anachapisha barua pepe zetu kwenye karatasi. Isipokubali, tunapeana pole tunaachana hadi Alhamisi nyingine. Vitabu na kanda vilikuja kwa posta.

Chuo kilitupanga watatu watatu kwa kuangalia ramani, na aliyetupanga sisi hakika hakuwahi kupanda basi upande wetu. Nilipangwa na mwalimu wa sekondari kutoka Mhunze, mtu mrefu, mnyoofu, ambaye hata orodha ya vitu vya sokoni aliipigia mstari kwa rula. Wa pili alikuwa afisa uvuvi wa Chato, yule ambaye watu wa ziwani humwita Bwana Samaki. Nami nitawaita hivyohivyo, Mwalimu na Bwana Samaki, na wao waliniita Bibi Maendeleo tangu siku ya kwanza hadi leo.

Mkufunzi wetu, ambaye hatukuwahi kumwona, alikuwa anatuandikia, "Kutaneni mtandaoni leo jioni mjadiliane." Mimi naipata Alhamisi. Natoa nakala mbili, moja nampa kondakta wa gari la Mhunze. Nyingine inakwenda Mwanza, inavuka kivuko, inapita Geita, inafika Chato na kumkuta Bwana Samaki ameenda visiwani kukagua nyavu. Jibu lake likirudi linanuka dagaa, na mjadala wa jioni moja umetuchukua majuma mawili. Lakini tulijadiliana kwelikweli. Mwalimu alijibu kwa namba, moja hadi kumi. Bwana Samaki alijibu kwa visa. Mimi nilibishana na wote wawili, na nilifurahi kama sijafurahi tangu nimalize shule.

Kazi ya mwisho ilikuwa filamu ya dakika kumi ambayo kikundi kizima kingepewa alama moja. Ila kwenye cheti kila mtu angeandikiwa kazi yake aliyoifanya: uongozaji, sauti, au kamera. Bwana Samaki alichukua uongozaji kwa sababu ndiye mwenye maneno. Mwalimu alichukua sauti. Mimi nilisema kamera kabla hawajafika kwenye neno hilo.

Niliitaka kamera kwa moyo wote, sitaficha. Idara yetu ilikuwa imeahidiwa kamera ya video na wafadhili, na mkubwa wangu alikuwa ameshanieleza waziwazi: itakabidhiwa mtu mwenye cheti kilichoandikwa kamera, na kama kwetu hayupo, itapelekwa Mwanza. Nilikuwa nikijiona naingia kijijini bila bango, bila viatu vya kisigino, nimebeba mwanamke halisi anayejenga jiko halisi. Nikipewa cheti kinachosema sauti au kitu kingine, ndoto hiyo imekwenda na basi la Mwanza.

Kamera ya kujifunzia tuliazima kwa mzee mmoja mwenye studio mjini. Familia yake ni ya Waislamu wenye asili ya Kihindi. Babu yake alikuja Shinyanga kununua pamba, yeye akaishia kupiga picha za harusi. Alikuwa na kamera kubwa ya kubeba begani, na deki mbili alizozitumia kukata na kuunganisha kanda. Sharti lake lilikuwa moja, kamera irudi Ijumaa jioni, maana Jumamosi ni harusi. Kwa shukrani Bwana Samaki alimletea sangara mkubwa aliyekaushwa, na mzee akawa rafiki yetu wa kudumu.

Filamu yetu ilihusu jiko la udongo. Karibu na machimbo ya Mwakitolyo kulikuwa na bibi mmoja aliyewapikia ugali na maharage wachimbaji waliotoka duarani, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu. Nilikuwa nimemfundisha jiko kwa bango langu mwaka wa nyuma, akanisikiliza kwa adabu, halafu akajenga la kwake tofauti. Alichanganya udongo wa kichuguu na majivu, mdomo wa kuni akaupunguza, kisha kwa nyuma akatoboa tundu dogo la moshi. Kuni alizokuwa akizimaliza asubuhi sasa zilimfikisha jioni. Niliona aibu kidogo, halafu nikasema huyu ndiye wa kupigwa picha.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumanne, jua zuri, kila mtu mahali pake. Bibi alikaa chini uani akikanda udongo na kueleza. Mwalimu alishika kinasa sauti kilichofungwa kwenye mti wa ufagio. Bwana Samaki alikuwa na daftari. Mimi nilisimama na kamera begani, jicho kwenye kioo chake, na nilijisikia mtu mzima.

Ua wa bibi yule uko kandokando ya njia iendayo kisimani na machimboni. Kila mtu anapita hapo, na hakuna anayepita bila kusalimia. Wapitaji wengi walikuwa wazee. "Mwangaluka, mayu," wanasema, ndiyo salamu ya asubuhi ya Kisukuma kwa mama, nasi tunaitikia, wanauliza ukoo, tunajibu, wanaendelea na safari. Mchana kutwa tulifanya kazi, tukamaliza kanda nzima. Tulirudi mjini tukiimba kwenye gari la idara.

Kesho yake tuliketi kwenye studio kuitazama ile kanda. Mzee wa studio alivuta kiti akakaa nasi.

Picha ilianza vizuri. Bibi anachukua udongo, anaukanda, anasema jambo la maana kuhusu majivu. Mara picha ikashuka. Taratibu, kwa heshima kubwa, ikatoka usoni kwa bibi, ikapita kifuani, ikapita udongo, ikafika ardhini na kutulia kwenye kokoto tatu na kuku. Sauti yangu ikasikika, "Mwangaluka, bhabha." Baada ya muda picha ikapanda tena. Bibi alikuwa ameshamaliza kueleza ya majivu.

Nilidhani ni mara moja. Wapi. Ilishuka tena, ikashuka tena. Kila mzee aliyepita njiani, kamera ilimpigia goti.

Nilizaliwa na kulelewa Usukumani. Magoti yangu yalifundishwa kabla ya kichwa changu. Mwanamke akisalimia mzee anakunja goti, hafikiri, kama vile mtu hafikirii anapopepesa macho. Siku nzima ile nilikuwa nimepiga magoti na lile dude begani, na sikujua. Ninaapa sikujua. Wenzangu nao hawakuona, kwa sababu macho yao yamezoea; wangeona kama nisingepiga.

Mzee wa studio alinigeukia. Akasema kwa upole, "Binti, kamera yangu umeifundisha kuswali?"

Bwana Samaki alicheka hadi akatoka nje. Mwalimu hakucheka, alikuwa anahesabu mishuko na kuandika. Mimi uso ulinishuka kama ile picha yenyewe.

Masharti ya kozi yalitutaka tupeleke kipande cha kanda kwa mkufunzi kabla ya kazi ya mwisho, tukakipeleka hivyohivyo. Barua pepe yake ilikuja baada ya majuma kadhaa, na kwa utaratibu wa darasa la mtandaoni ilikuwa imesomwa na vikundi vyote vya nchi nyingine. Aliandika kwamba somo letu ni zuri na bibi ni hazina, ila kamera inashuka hadi ardhini bila sababu. Alishauri kikundi kifikirie kubadilishana kazi. Chini yake wanafunzi wengine walikuwa wametoa maoni. Mmoja, sijui yuko wapi duniani, aliusifu ule mshuko wa picha kwamba ni mtindo mpya na akaomba tueleze falsafa yake. Karani wa kompyuta aliisoma kwa sauti wakati inachapwa, akaniuliza falsafa ni nini hapo. Nikamwambia akunjue kitambaa chake afunike kompyuta.

Tulikutana kwenye mgahawa karibu na stendi. Mwalimu alikuwa na hoja zake kwa namba. Kwanza, kanda tupu iliyobaki ni moja. Pili, mkufunzi ameshauri. Tatu, mwanamume hapigi goti, anasalimia akiwa amesimama, kwa hiyo kamera akiishika yeye haitashuka. Sauti akasema nichukue mimi, nisome maelezo, kwa kuwa nina sauti nzuri. Bwana Samaki alikuna kichwa, akaitazama chai yake, akasema kwa kweli hana la kupinga.

Nilisema sawa. Nikanywa chai yangu. Nikajikaza kisabuni mpaka wakapanda magari yao, halafu nilitembea kwa miguu hadi nyumbani, na njia nzima nilikuwa namjibu Mwalimu kwa sauti, watu wakinitazama. Kilichoniuma si kwamba alikuwa amekosea. Kilichoniuma ni kwamba hoja zake zote tatu zilikuwa za kweli. Nilinyang'anywa kamera kwa sababu ya adabu niliyofundishwa na mama yangu, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Chuo kilikuwa kimetuma fomu moja ya kuandika nani amefanya kazi gani. Mwalimu aliijaza mapema kwa wino mweusi, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Kamera, akaandika jina lake. Sauti, akaandika langu. Alinionyesha nihakikishe herufi. Nilihakikisha, sikumsemesha tena hadi siku ya kazi.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, kwa kuwa gari la idara halikupatikana mapema zaidi. Kamera ilitakiwa studio jioni. Tulifika kwa bibi asubuhi, naye alikuwa ameandaa udongo mpya, amejifunga kanga safi kwa ajili ya picha. Nilimsalimia kwa goti, nikaenda kukaa pembeni na karatasi yangu ya maelezo, nimenuna.

Mwalimu alisimama mbele yake na kamera begani. Na kwa kuwa ni mtu wa kufuata maagizo, alikuwa amejiwekea sheria kwamba wakati kanda inazunguka hatasema neno lolote. Bibi akaanza kukanda. Akapita mzee mmoja na baiskeli, shemeji yake bibi kwa marehemu mumewe.

"Mwangaluka," akasema yule mzee.

Bibi aliitikia. Mimi niliitikia, nikapiga goti kule pembeni. Mwalimu jicho liko kwenye kioo, kimya. Mzee alisimamisha baiskeli. Akamsogelea, akasalimia mara ya pili, safari hii karibu kabisa na sikio lake. Mwalimu alitokwa na jasho, nililiona, lakini midomo hakufungua. Mzee alimtazama kuanzia viatu hadi kamera, akageuza baiskeli na kuondoka bila kuaga mtu.

Bibi aliacha udongo. Akanawa mikono, kidole kwa kidole, akakaa juu ya kigoda.

"Bibi, tuendelee," Bwana Samaki alimwambia. "Jua linapanda."

"Tutaendelea na nani?" bibi akauliza. "Huyu amesimama juu ya kichwa changu kama anakuja kunikamata. Shemeji yangu amemsalimia mara mbili, hakuitikia. Nyinyi jioni mnaondoka, mimi ndiye nitakayeambiwa nimeleta watu wa namna gani hapa. Mimi sijengi."

Mwalimu alishusha kamera akaomba radhi, na aliomba vizuri, maana si mtu mwenye kiburi. Alimfuata hata yule mzee njiani kumsalimia inavyotakiwa. Aliporudi, bibi alikuwa bado kwenye kigoda. Alinyoosha kidole kwangu.

"Yule aliyenipiga picha safari ile amekosa nini?"

Utamwelezaje mtu kwamba aliyekosea ni yule aliyesalimia?

Bwana Samaki alifunga daftari lake. "Mpe kamera," alimwambia Mwalimu. Mwalimu alinitazama, akaitazama ile kanda yetu moja, akatazama jua. Najua alikuwa anapiga mahesabu ya mishuko. Halafu aliivua begani akanipa, na akasema kwa sauti ndogo, "Sasa utafanyaje wakipita?"

Niliiweka kamera juu ya mkeka, nikaondoka, nikasikia nyuma yangu Bwana Samaki akiniita. Nilikwenda nyumba ya kwanza jirani, nikapiga goti, nikasalimia. Nikaenda ya pili. Nilizunguka nyumba zote zinazotumia njia ile, na wale waliokuwa shambani niliwafuata mashambani, nikamaliza na yule mzee wa baiskeli. Kila mahali nilisema: leo nina kazi ya mikono kwa bibi, msinione nimenyamaza, salamu zangu ndizo hizi. Mzee mmoja alisema wabeja, asante, akanipa na viazi vitamu. Kazi hiyo ilichukua saa nzima na zaidi. Mwalimu alikuwa akitazama saa yake kila nikirudi kupita uani.

Niliporudi nilipiga goti mbele ya bibi kwa mara nyingine, nikachukua kamera nikiwa chini vilevile. Na hapo, nimepiga magoti kwenye udongo, kiwiko nimekiegemeza pajani, nilitazama kwenye kioo.

Nililiona jiko. Safari ya kwanza, nikiwa nimesimama, nilikuwa nimepiga kilemba cha bibi na mgongo wake. Sasa niliona vidole vyake vikipita ndani ya mdomo wa kuni, nikaona anavyoupima upana kwa ngumi, nikaona lile tundu la moshi na mwanga ukiingilia upande wa pili. Uso wake ulikuwa usawa mmoja na wangu. Jiko la udongo hujengwa chini, na mjenzi wake yuko chini. Ni wapi kwingine ungekaa? Nilitamani kucheka. Nilimwambia Bwana Samaki, "Sisimami tena leo."

"Na wapitaji wageni?" Mwalimu akauliza. "Wale wa machimboni ambao hukuwasalimia?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na Bwana Samaki ndiye aliyelijibu kwa vitendo. Alichukua kigoda, akaenda kukaa njiani mbele kidogo, kabla watu hawajaufikia ua. Kila aliyekuja alimkuta yeye kwanza. Aliwasalimia, akawauliza habari za nyumbani, za mvua, za duarani, akajitambulisha ukoo na ziwa analotoka, mpaka mtu anatupita sisi ameshashiba salamu, anainua mkono tu. Mwongozaji wa filamu alikaa njiani siku nzima na hakuongoza chochote. Mwalimu alirudia mti wake wa ufagio, na kwa kuwa mimi niko chini, naye ilibidi achutame, mtu mrefu vile, magoti yakimfika masikioni.

Tulimaliza alasiri. Nilijaribu kusimama nikashindwa, miguu imekufa ganzi. Bibi alinivuta mkono huku akicheka, akasema mwaka jana nilimletea mwanamke wa kwenye karatasi, leo nimekuja mwenyewe. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kamera ilifika studio jua likizama, mzee akiwa mlangoni ameshika kiuno.

Juma lililofuata tulikata kanda kwa deki zake mbili, moja ikicheza, nyingine ikinasa, mimi na Mwalimu kila mmoja na kidole kwenye kitufe chake tukihesabu pamoja, moja, mbili, tatu, bonyeza. Tulibishana sana na tulicheka sana. Ugali ulitoka kwa mke wa mzee wa studio mara moja, na mara nyingine sambusa. Picha haikushuka hata mara moja.

Bahasha ilipokuwa tayari kwenda posta, Mwalimu alitoa ile fomu. Ilikuwa moja tu, imejazwa kwa wino mweusi, na chuo kilikuwa kimeandika kwamba kilichojazwa ndicho kitakachoandikwa kwenye cheti. Nilijiambia kwamba yeye naye aliishika kamera, japo nusu saa, na kwamba ndiye aliyeijaza mapema kwa nia njema, na kwamba mimi ni mtu mzima. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mstari ule.

Mwalimu huyu alikuwa akiwapunguzia wanafunzi wake alama kwa kukatakata maneno kwenye daftari. Wote tulilijua hilo, alilisema mwenyewe kwa fahari. Alichukua rula, akaiweka chini ya jina lake, akalikata kwa mstari mmoja. Akaandika langu juu yake kwa herufi zilezile za ubaoni. Pembeni akatia sahihi, kama mwalimu mkuu anayerekebisha cheti. Kwenye sauti akalikata langu, akaandika lake. Halafu akasita kwenye mstari wa Bwana Samaki, akamuuliza, "Wewe uliongoza?"

"Mimi nilipokea salamu," Bwana Samaki akajibu.

Mwalimu aliwaza kidogo, akaandika: Uongozaji na Upokeaji wa Salamu. Hakutania. Alitafsiri na kwa Kiingereza, akapiga mstari chini kwa rula.

Jibu lilikuja Alhamisi moja ya masika. Karani alikikunja kile kitambaa chake mara nne, simu ikakubali mara ya kwanza, karatasi ikatoka. Tumefaulu. Cheti changu kitaandikwa kamera. Nilisoma mstari huo mara tatu nikiwa nimesimama mbele ya meza yake, na machozi yalinitoka, sikuona haya. Chini yake mkufunzi alikuwa ameuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa upokeaji wa salamu ni kazi gani, na kama wengine wanaweza kufundishwa. La pili lilikuwa langu. Alisema picha za jiko zimetulia ajabu, ziko chini mahali ambapo vikundi vingine vyote vilishindwa kufika, na kwamba darasa zima lingependa kujua kamera niliisimamisha juu ya kitu gani.

Karani aliweka vidole tayari. "Tumjibu nini? Sema haraka, laini isije ikakata."

Nikamwambia aandike, "Magoti."

Aliandika, akaningoja niendelee. "Neno moja tu?"

"Na salamu zake," nikasema. "Tulisahau kumsalimia."